Hesabu Bila Leseni: Kumi Bora za Mpakani

Orodha hii ni ya wale wanaohesabu kwa kompyuta kati ya Busia, Malaba na Tororo: watu wa miradi ya afya, watu wa mihogo, na ndugu zetu ambao tasnifu zao zimekwama sura ya nne tangu mvua za mwaka juzi. Nimepanga zana kumi za hesabu ambazo hazimdai mtu ada, kuanzia ya kumi hadi ya kwanza. Vigezo ni vitatu: iwe inafanya kazi kweli, iwe halali, na mtu aweze kuifungua tumboni aone inavyohesabu. Kigezo cha tatu ndicho kitakacholeta ugomvi.

Mwamuzi msaidizi ni shemeji yangu, mbadilishaji pesa wa Malaba, anayebeba shilingi za nchi mbili mifukoni na kiwango cha siku kichwani. Hajasomea takwimu, kwa hiyo hana upendeleo. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Kwani mbili mara mbili imeanza kulipiwa, shemeji?"

Imeanza, shemeji. Tena kila mwaka.

10. PSPP

Kila mwisho wa muhula kuna flashi inayozunguka kutoka saiba hadi saiba ikiwa imebeba SPSS iliyovunjwa kufuli. Ndani yake mna programu moja na virusi kadhaa, na virusi ndivyo vinavyofanya kazi bila kusumbua.

PSPP ya mradi wa GNU inasoma mafaili yaleyale ya .sav, inaelewa amri nyingi zilezile, na haina tarehe ya kuisha muda. Haikuwekei kikomo cha wahojiwa wala cha maswali. Haifanyi kila kinachofanywa na SPSS, na kwa sura haitashinda shindano lolote la urembo. Lakini kama unachotaka ni majedwali ya asilimia, wastani na kai-mraba ili msimamizi wako aache kukuuliza "umefika wapi," inatosha kabisa.

Imewekwa ya kumi kwa sababu lazima mmoja awe wa mwisho, na yeye hana kiburi.

9. GSL

Mwaka 1986 kilitoka kitabu cha Numerical Recipes, na wanasayansi wengi wakajifunzia humo. Tatizo ni kwamba misimbo iliyochapishwa ndani yake ina hakimiliki, na masharti hayakuruhusu uigawe pamoja na programu yako ili mwenzako aisome na kuiboresha. Unapewa mapishi, unakatazwa kumwonjesha jirani.

Mwaka 1996 Mark Galassi na James Theiler wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walianza kuandika GNU Scientific Library. Leo ina vitendakazi zaidi ya 1,000, kuanzia namba za nasibu hadi utatuzi wa milinganyo, vyote chini ya leseni ya GPL.

"Los Alamos si ndiko walikotengeneza bomu la atomiki?" akauliza shemeji. Ndiko. Safari hii wamerudisha chenji.

8. GNU Octave

Wengi hawajui kwamba MATLAB ilizaliwa bure. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler alikuwa akifundisha University of New Mexico, akawahurumia wanafunzi waliotaka kutumia maktaba za LINPACK na EISPACK bila kwanza kupigana mieleka na Fortran. Akawaandikia kikokotozi cha matriki, na akawa anakigawa vyuoni. Mwaka 1984 ikaundwa kampuni ya MathWorks, na kilichokuwa kikigawiwa kikaanza kutolewa kwa risiti.

John W. Eaton alianza kazi ya Octave mwaka 1992, mwanzoni kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi wa kemia. Jina alilitoa kwa mwalimu wake, Octave Levenspiel, kwa hiyo wapiga gitaa msijipe matumaini. Sehemu kubwa ya lugha ya MATLAB inaelewa.

Sasa sikia utamu wa mambo. Mwambie Octave akutatulie milinganyo 500 kwa mpigo: anampa kazi LAPACK. Mwambie MATLAB: tangu toleo lake la 6 la mwaka 2000, naye anampa kazi LAPACK. Na LAPACK ni maktaba huria iliyoandikwa kwa fedha za umma wa Marekani.

"Kwa hiyo mnalipia vitufe?" Tunalipia vitufe, shemeji. Ni vitufe vizuri, tusidanganyane, na baadhi ya vifurushi vyake vya uhandisi havina mpinzani. Ila usije ukasema hesabu ni zao.

7. ATLAS

Hii ni ya wenye subira. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Clint Whaley, Antoine Petitet na Jack Dongarra wa University of Tennessee walijiuliza: kwa nini binadamu akisie ni kipande cha matriki cha ukubwa gani kinachofaa prosesa fulani, wakati mashine yenyewe inaweza kujaribu? Ukiisakinisha ATLAS, inaunda matoleo mengi ya kuzidisha, inayapima yote kwa saa, na kubakiza lililoshinda.

Inapopima, haitaki kompyuta iguswe, haitaki prosesa ipunguze kasi ili kuokoa betri, na haitaki umeme ukatike. Kwa sehemu zetu hizi, hayo si masharti ya usakinishaji, ni mahari.

Siku hizi imepitwa na wenye kasi zaidi. Dongarra hakupitwa: alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2021 kwa maisha yake yote katika maktaba za aina hii.

6. FFTW

Jina lake kwa kirefu linajigamba kwamba ndiyo yenye kasi kuliko zote Magharibi. Matteo Frigo na Steven G. Johnson waliiandika MIT, ikatoka 1997, kwa hiyo sidhani walimaanisha Magharibi ya Mumias na Butere. Sisi tumejichukulia tu.

Kazi yake ni kuchukua wimbi, liwe la sauti, la tetemeko au la mapigo ya moyo, na kulichambua masafa yake. Kwa sampuli 1,000,000, njia ya moja kwa moja inataka hatua kama trilioni moja. Njia iliyotangazwa na Cooley na Tukey mwaka 1965 inataka kama milioni 20. FFTW hupima namna mbalimbali za kuipita njia hiyo kwenye mashine yako, huchagua mpango, na mpango ukishapatikana huweza kuuhifadhi katika faili inaloliita hekima. Programu ina hekima kwenye diski. Kuna wakuu wa miradi ambao hawana hata kichwani.

Leseni yake ni GPL, na asiyetaka masharti ya GPL, MIT inamuuzia leseni nyingine. MATLAB nayo huitumia FFTW ndani kwa ndani. Mnaanza kuona mtindo?

5. DHIS2

Najua, najua: hii haizidishi matriki. Wenye pingamizi waketi. Namba lazima zitoke mahali.

Nenda kituo cha afya kama cha Kiyeyi, upande wa Tororo, mwisho wa mwezi. Mhudumu ameketi na rejesta ya wagonjwa wa nje, anashuka na kidole mstari kwa mstari: waliopimwa malaria, waliokutwa nayo, watoto, watu wazima. Jumla zinaingia kwenye fomu ya HMIS 105, na fomu inaingia DHIS2. Vuka mpaka uje Busia ya Kenya: fomu inaitwa MOH 705, lakini programu ni ileile. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, Uganda ikafuata 2012. Mizizi yake ni Afrika Kusini baada ya 1994, malezi yake ni ya University of Oslo, na leseni yake ni ya BSD, inayomruhusu yeyote kuifungua na kuibadilisha.

Yaani nchi mbili ambazo zimevutana juu ya mayai, na juu ya Migingo, kisiwa ambacho ukipiga chafya upande mmoja unasikika wa pili, zimekubaliana programu. Mapatano ya namna hii hayapigiwi ngoma.

Onyo dogo: kidole kikiruka mstari kwenye rejesta, hakuna programu duniani, ya bure au ya kulipia, itakayojua.

4. NumPy

Mihogo yetu ina maadui wawili wanaojulikana hadi na watoto: batobato na michirizi ya kahawia. Maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wataalamu wa mazao wa NaCRRI kule Namulonge, ilikusanya picha za majani zilizopigwa na wakulima wa Uganda mashambani mwao. Mwaka 2020 picha 21,367 zilizokwisha kutambuliwa ugonjwa wake ziliwekwa wazi katika shindano la Kaggle, na dunia ikaambiwa: haya, fundisheni kompyuta zenu kuutambua muhogo mgonjwa.

Picha ya upana wa nukta 800 na urefu wa 600, kwa rangi tatu, ni namba 1,440,000. Jani moja hilo. Zidisha kwa majani 21,367, kisha uniambie utatumia Excel.

Wanaofanya kazi hizi huanza na Python, na Python huanza na NumPy, ambayo Travis Oliphant aliifikisha toleo la 1.0 mwaka 2006. Ukizidisha matriki kwa vitanzi vya Python vitupu, muhogo utaoza ukingoja. Ukitumia NumPy, Python inatoa amri tu. Jasho ni la C, Fortran na asembli chini yake. Ukiisakinisha kwa njia ya kawaida kwenye Linux au Windows, huja na OpenBLAS mfukoni. Huyo OpenBLAS tutamfikia. Ana maringo, hakutaka kuja mapema.

3. R

Ross Ihaka na Robert Gentleman wa University of Auckland, New Zealand, waliiachia R chini ya GPL mwaka 1995. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Na LAPACK 1.0? Tarehe 29 Februari 1992. Watu wa hesabu wanajua kubana matumizi: sherehe ya kuzaliwa mara moja kila miaka minne.

R imeshika nafasi ya tatu kwa sababu ya mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mkazi wa Tororo alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka, yaani mara moja na nusu kila usiku. Apac ilipata 1,586, kwa hiyo watu wa Tororo msitafute kombe. Kuchambua hesabu za mbu si kuchukua wastani na kwenda zako: nyumba moja ina sifuri usiku wa leo na mia kesho, na mbu wa nyumba moja wanafanana kuliko wa nyumba mbili. Unahitaji miundo inayojua hayo yote, na R inayo katika vifurushi kama lme4 na glmmTMB, bila ada.

Sasa zawadi ya wasomaji waliovumilia hadi hapa. R huja na BLAS (maktaba ya msingi ya kuzidisha matriki) ya marejeo, ambayo ni sahihi lakini haina haraka. Fungua R, andika sessionInfo(), usome mstari wa BLAS. Kama unatumia Ubuntu au Debian, funga R, andika sudo apt install libopenblas-dev, fungua tena, usome mstari uleule. Umebadilika. Zidisha matriki mbili za 2,000 kwa 2,000 na utaona muda umeporomoka, wala hukugusa herufi moja ya msimbo wako.

Usije ukanisuta kwamba lm() haijabadilika. Lm() hutegemea dqrdc2, mjukuu wa LINPACK, na yeye na mambo ya kisasa hawajuani.

2½. MKL, mgeni asiye na kadi

Kabla ya namba mbili, kuna mtu anagonga. Maktaba ya hesabu ya Intel ina kasi kweli, na siku hizi hudaiwi hata senti kuitumia. Ila kuifungua tumboni hairuhusiwi, na kigezo cha tatu kilitangazwa mapema.

Kuna na kesi yake ya zamani. Kwa miaka mingi ilikuwa inaiuliza prosesa jina kabla ya kuiuliza uwezo. Ikijibu "GenuineIntel," inapewa njia ya kasi. Ikiwa ni ya AMD, hata kama inaelewa maelekezo yaleyale ya AVX2, inapelekwa njia ya polepole. Watumiaji wakagundua kauli ya kufungulia geti, MKL_DEBUG_CPU_TYPE=5, wakaishi nayo kwa raha, hadi mwaka 2020 ilipoondolewa.

Shemeji alihitaji neno moja tu: "Ukabila."

2. OpenBLAS

Kazushige Goto alikuwa mfanyakazi wa Ofisi ya Hataza ya Japani, mahali ambapo kazi ya kutwa ni kuandikisha "hiki changu, usiguse." Mwaka 2002 alikwenda University of Texas, Austin, kwa likizo ya masomo, na huko akajifungia kuandika uzidishaji wa matriki kwa asembli, agizo kwa agizo, kwa mkono. Akaipita kasi ya maktaba za wenye kutengeneza prosesa.

Siri yake ni hii. Matriki mbili za 1,000 kwa 1,000 zina namba milioni mbili tu, lakini kuzizidisha kunataka mazao bilioni moja na karibu majumlisho bilioni moja. Kila namba inatumika mara 1,000. Prosesa ina nguvu hizo. RAM ndiyo haiwezi kuleta namba kwa kasi hiyo. Kwa hiyo unakata matriki vipande vinavyoenea katika kumbukumbu ndogo iliyo jirani na prosesa, unavipanga mfululizo, unavitumia hadi viishe kazi, ndipo unaleta vingine. Goto aliona pia kwamba muda mwingi ulipotea katika kutafuta anwani za kumbukumbu zenyewe, akakata vipande vyake kwa kulizingatia hilo. Yeye na Robert van de Geijn walieleza yote hadharani katika makala ya mwaka 2008.

"Kwa hiyo," alisema shemeji, "ni kama kukaa na noti za kutosha mkononi, usirudi kwenye sefu kwa kila mteja." Ningelipa karo ya chuo kusikia hivyo siku ya kwanza.

Goto aliajiriwa na Microsoft, kisha Intel. Lakini msimbo wake ulikuwa umekwisha kuachiwa kwa leseni ya BSD, na mwaka 2011 Zhang Xianyi na wenzake wa Chinese Academy of Sciences wakauendeleza kwa jina la OpenBLAS. Mtu unaweza kumwajiri. Msimbo ukishaachiwa umeachiwa.

Faida kwa sisi wa laptopu za mtumba: OpenBLAS iliyofungashwa vizuri huitambua prosesa inapoamka, iwe Core 2 ya zamani, Haswell, Zen ya AMD au ARM, na kuipa msimbo unaoifaa. Haibagui kwa jina.

Matangazo mafupi

Waliokosa nafasi wasinune. BLIS ya Austin, iliyopata Tuzo ya Wilkinson ya programu za hesabu mwaka 2023, nafasi yenu ipo mwakani. Julia, ya mwaka 2012, wewe ungali kijana. Gretl, wanauchumi wanakupenda, ila wanauchumi wana kesi ya kujibu hapa chini.

1. Faili la minyoo la Busia

Namba moja si maktaba. Pigeni kelele, mkimaliza tuendelee.

Mwaka 1998, kusini mwa wilaya ya Busia ya wakati ule, huko Budalangi na Funyula, shirika la Kiholanzi la ICS lilianza kugawa dawa za minyoo katika mradi wa shule 75 za msingi zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule ziligawanywa makundi matatu ya 25: la kwanza lilianza 1998, la pili 1999, la tatu 2001, ili waliongoja wawe kipimo cha waliomeza. Mwaka 2004 Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo katika jarida la Econometrica: utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto wa shule za jirani ambao hawakumeza kitu walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua katika eneo zima. Kremer ni mmoja wa watatu waliopata Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, wakiongozwa na Alexander Aiken, waliomba data na mafaili ya amri ili warudie hesabu. Miguel na Kremer wakatoa. Mapitio yalipochapishwa 2015, mojawapo ya makosa yaliyoonekana lilikuwa hili: amri zilizohesabu wanafunzi wa shule za jirani zilitazama shule 12 zilizo karibu zaidi tu. Kusini mwa Busia shule zimesongamana. Chora duara la kilomita 6 na utakuta ya kumi na tatu, ya kumi na nne, na nyinginezo, ambazo kompyuta haikuziona. Kosa liliposahihishwa, manufaa ndani ya shule zilizopewa dawa yalisimama. Dai la manufaa ya kufika kilomita 3 hadi 6 likalegea. Julai mwaka huo wachumi na watu wa epidemiolojia walirushiana maneno hadi yakaitwa vita vya minyoo.

Sasa rudi kwenye orodha yetu. Je, OpenBLAS ingesaidia? Ingehesabu shule 12 kwa kasi zaidi. MKL? Ingehesabu shule 12 kwa kasi zaidi, kama prosesa ni ya jamaa zake. Kosa lilipatikana kwa njia moja tu: wenye faili walilitoa, na mtu mwingine akalifungua na kulisoma mstari kwa mstari. Kwa hilo Miguel na Kremer wanastahili heshima kuliko wale ambao mafaili yao hayana makosa kwa sababu hayajawahi kuonekana.

Kuna jambo moja lililobaki. Faili lile ni la Stata. Mwalimu wa Funyula, ambaye huenda shule yake ni mojawapo ya zile 75, anaweza kulisoma bure, lakini kuliendesha kama lilivyo hawezi mpaka alipe leseni ya kampuni iliyoko Texas. Hesabu ilifanywa juu ya watoto wake, na ufunguo wa kuihakiki unauzwa. Hapo ndipo zana tisa zilizotangulia zinapopata maana: si kwa sababu zinaokoa pesa za mradi, ambazo zitaliwa kwenye semina hata hivyo, bali kwa sababu aliyehesabiwa anaweza naye kuhesabu.

"Na hiyo shule ya kumi na tatu," shemeji akauliza, "waliambiwa?"

Sijui nani angewaambia, shemeji. Ila mtu yeyote wa mradi akija kwako na asilimia, usibishane na asilimia. Mwombe faili. Akisema ni la siri, mpe kiwango cha chini kabisa cha siku. Akisema halifunguki bila leseni, mwonyeshe namba tatu.